Sura ya Nne: Moyo Si Hirizi

Katika matatu moja ya Subukia, Moyo Mtakatifu wa Yesu umebandikwa juu ya kioo cha dereva, ubavuni mwa kibandiko cha Arsenal. Siku moja nilimuuliza kondakta picha ile ina kazi gani pale. "Hiyo ni ya kuzuia ajali, mwalimu," akanijibu, huku akimsukuma ndani abiria wa kumi na saba katika gari la kumi na wanne.

Sura hii ni yake, na ya wenzake wengi wanaoketi viti vya mbele kanisani.

Nimekusudia kueleza mambo matatu: historia, picha na sala. Historia nitaikata fupi. Wengi hudhani ibada ya Moyo Mtakatifu ilianza na Mtakatifu Margareta Maria Alacoque, mtawa wa Paray-le-Monial, Ufaransa, aliyepata maono yake kati ya 1673 na 1675. Sivyo. Karne nne kabla yake Mtakatifu Gertrude wa Helfta, Ujerumani, alikuwa akiusali Moyo huo. Papa Pio IX aliieneza sikukuu yake katika Kanisa lote mwaka 1856, na 1899 Leo XIII akauwekea wakfu wanadamu wote. Nakuru nasi tumo: kanisa letu kuu ni la Kristo Mfalme, na Pio XI alipoianzisha sikukuu hiyo mwaka 1925 aliagiza kwamba siku hiyo, kila mwaka, tendo lile la kuwekwa wakfu lirudiwe.

Sasa picha. Jirani zetu wa makanisa mengine husema tunaabudu kipande cha nyama. Lakini mtu akisema amempa mwenzake moyo wake, nani hukimbilia daktari wa upasuaji? Kwa Waebrania, moyo ndipo mtu anapofikiri na kukata shauri, si mahali pa mapenzi tu. Kiswahili kinalijua hilo: twasema moyoni, twaweka jambo moyoni, twajipa moyo. Anayeusujudia Moyo wa Yesu anamsujudia Yesu mzima, kwa upande wa upendo wake. Miale ya moto ni upendo huo, miiba ni tunavyoulipa, na jeraha...

Kwenye jeraha ndipo mpango wangu huvurugika kila mara, na leo pia. Fungua Yohane 19:34. Utatafuta neno "moyo" usilipate. Kilichochomwa ni ubavu. Sasa rudi Mwanzo 2, Adamu akiwa usingizini, uone Mungu alitwaa nini ili kumfanya Hawa: ubavu. Kigiriki nacho kina neno moja pote pawili, *pleura*. Kiingereza kimelitenga, huku mfupa, kule upande wa mwili, na msomaji wake hupitwa. Msomaji wa Biblia ya Union analiona wazi, ila hakuna aliyemwonyesha. Mababa wa Kanisa waliliona: Hawa alitoka ubavuni mwa Adamu aliyelala, na Kanisa likatoka ubavuni mwa Kristo aliyelala mauti, katika damu na maji. Tena Biblia ya Kilatini haikusema askari alichoma, ilisema alifungua. Katika Kigiriki maneno hayo mawili hukaribiana sana kwa sauti. Augustino alilishika neno hilo akafundisha kwamba pale mlango wa uzima ulifunguliwa.

Shika neno hilo: mlango. Hirizi ni kufuli. Ndiyo maana sina subira na jumbe za WhatsApp zinazotaka Litania itumwe kwa watu kumi na wawili kabla ya saa sita usiku. Sina subira pia na anayezihesabu Ijumaa tisa za kwanza za mwezi kama malipo ya bima, akishamaliza ya tisa haonekani tena. Kitubio na Komunyo za miezi tisa ni mazoea ya kurudi, si risiti.

Kuhusu sala nimebakiwa na nafasi ya mfano mmoja. Nyumba zilipochomwa Molo katika mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, picha za ukutani ziliungua pamoja na vitanda. Askofu Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, aliyeliongoza jimbo la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alipaza sauti hadharani kuwatetea waliofukuzwa, wakati wengi walipoona ni salama kunyamaza. Shosho mmoja aliyepoteza nyumba yake wakati ule alinionyesha picha aliyonunua baadaye. Ameitundika jikoni, mkabala na mlango, moshi umeifubaza hata miiba haionekani vizuri.

"Shosho, ile ya kwanza haikukulinda," nilimwambia.

"Sikuiweka inilinde," akasema, akinisogezea kigoda. "Niliiweka inione nikimfungia mtu mlango."