Outlander: Sasa Claire ni mke wa nani? Hizi hapa ndoa zote zinazokuchanganya

*Tahadhari: makala hii inafichua matukio hadi msimu wa saba.*

Ukianza kuitazama Outlander unadhani ni hadithi ya mapenzi ya kawaida: mwanamke mmoja, wanaume wawili, achague mmoja yaishe. Ukifika msimu wa saba umeshapoteza hesabu. Claire ameolewa mara tatu, Jamie ameoa mara mbili, na kuna wakati wote wawili wana ndoa nyingine huku ndoa yao bado ipo.

Hebu tuipange taratibu, ndoa moja baada ya nyingine.

Kwanza, ni hadithi ya nini?

Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa 2014 kwenye kituo cha Starz cha Marekani. Imetokana na vitabu vya Diana Gabaldon, ambavyo cha kwanza kilitoka 1991 na cha tisa 2021.

Claire (Caitríona Balfe) ni muuguzi Mwingereza aliyehudumia majeruhi katika Vita vya Pili vya Dunia. Vita vimeisha, yuko mapumzikoni Inverness, Uskoti, na mumewe Frank. Anagusa jiwe la kale kilimani, anajikuta mwaka 1743.

Hapo ndipo balaa linapoanza.

Ndoa ya Jamie ilianza kama kinga

Wengi husahau kwamba Claire hakuolewa na Jamie Fraser (Sam Heughan) kwa sababu ya mapenzi. Kapteni wa jeshi la Uingereza, Black Jack Randall, alimshuku kuwa jasusi na akaamuru apelekwe kwake kuhojiwa. Akiwa raia wa Uingereza, asingeweza kukataa.

Watu wa ukoo wa MacKenzie waliomhifadhi wakatafuta njia ya kisheria: akiolewa na Mskoti, naye anakuwa Mskoti, na kapteni hawezi kumchukua kirahisi. Bwana harusi akapatikana: Jamie.

Kumbe Frank je? Hapa ndipo kichwa kinauma. Mwaka 1743 Frank hajazaliwa. Utasemaje umemsaliti mtu ambaye hata babu yake bado hayupo? Claire mwenyewe hana jibu. Ndiyo maana anavaa pete mbili, moja kila mkono.

Kumlinda mume wa kwanza kupitia wa pili

Black Jack anafanana na Frank kama pacha (wote wanaigizwa na Tobias Menzies), na kwa kumbukumbu za familia ya Frank, yeye ndiye babu wa ukoo wao. Maana yake ni kwamba akiuawa kabla ya kupata mtoto, Frank hatazaliwa.

Tatizo ni kwamba Black Jack ndiye aliyemtesa na kumdhalilisha Jamie gerezani. Wakiwa Paris, Jamie anataka kumuua. Claire anamwomba amwache hai mwaka mmoja, kwa ajili ya Frank.

Fikiria ombi hilo. Unamwambia mumeo amsamehe mtesaji wake ili mumeo mwingine aje kuishi. Jamie anakubali, lakini naye anaomba ahadi: mambo yakiharibika, Claire arudi kwa Frank. Hasira inamshinda baadaye, anapigana na Black Jack, ila hamuui.

Mwishoni inajulikana kwamba mtoto aliyeendeleza ukoo huo alikuwa wa Alex, mdogo wake Black Jack. Alex akiwa anakufa, Black Jack anamuoa Mary Hawkins ambaye tayari ana mimba ya Alex, ili mtoto apate jina. Tena ndoa ya kinga.

Frank anampokea, lakini kwa masharti

Aprili 1746, saa chache kabla ya vita vya Culloden ambapo waasi wa Uskoti walishindwa vibaya, Jamie anaidai ile ahadi. Claire ana mimba. Anarudi kwenye mawe na kutokea mwaka 1948, zaidi ya miaka miwili tangu apotee.

Frank alikuwa amemtafuta kila kona, watu wakimwambia mkeo amekimbia na mwanamume. Sasa mke amerudi, mimba si yake, na maelezo yenyewe hayaaminiki. Anakubali kulea mtoto kama wake, mradi Claire aache kumtafuta Jamie kwenye vitabu vya historia.

Wanahamia Boston. Claire anasomea udaktari wa upasuaji, Frank anamlea Brianna kwa mapenzi ya kweli, lakini ndoa inabaki ya karatasi. Frank anakuwa na mwanamke mwingine. Mwaka 1966 anafariki kwa ajali ya gari, akiwa amepanga kuachana na Claire.

Kama umewahi kumwona Frank kama kikwazo tu, rudia vipindi hivyo. Yeye ndiye wa kwanza kwenye hadithi hii kuachwa bila kosa.

Zamu ya Jamie: Laoghaire

Miaka 20 baada ya kuachana, Claire anagundua Jamie alinusurika Culloden. Anamfuata Edinburgh. Furaha haidumu: Jamie ana mke mwingine.

Na si mwanamke yeyote tu. Ni Laoghaire, ambaye enzi za usichana wake alishiriki kumtia Claire kwenye kesi ya uchawi ambayo nusura imuue. Sasa ni mjane mwenye mabinti wawili, na Jamie alimuoa akijua kwamba Claire hatarudi tena.

Claire anachukia, anataka kuondoka. Laoghaire anatokea na bastola, anampiga Jamie risasi ya mkono.

Mwanasheria Ned Gowan anatoa jibu: kwa kuwa Claire yu hai, ndoa ya Laoghaire ni batili. Lakini Jamie lazima alipe matunzo yake. Ni katika kutafuta pesa hizo ndipo Ian mdogo, mpwa wa Jamie, anatekwa, na familia inavuka bahari kumfuata. Safari nzima ya kwenda Karibi na hatimaye Marekani inatokana na deni la talaka.

Kiapo kwa mfalme nacho kinabana

Uaminifu kwenye Outlander hauishii chumbani. Huko North Carolina, Gavana Tryon anampa Jamie ekari 10,000, na masharti ni kuwa mtiifu kwa mfalme wa Uingereza. Jamie anahitaji ardhi, anakubali.

Kisha anaamriwa kuwasaka wakulima wanaopinga kodi na unyonyaji, na kiongozi wao ni Murtagh, baba yake wa ubatizo. Kwenye mapigano ya Alamance ya 1771, Jamie anavalishwa koti jekundu la jeshi lile lile alilopigana nalo Culloden. Murtagh anauawa akimwokoa.

Hii ni ya tamthilia tu. Kwenye vitabu, Murtagh alishakufa Culloden.

Zamu ya Claire: Lord John

Mwaka 1778, Claire yuko Philadelphia na taarifa zinafika kwamba meli ya Jamie imezama. Wakati huo huo jeshi la Uingereza linataka kumkamata kwa kusambaza nyaraka za wanamapinduzi.

Lord John Grey, ofisa wa Uingereza na rafiki wa Jamie, anaamua kumuoa ili wasimguse. John amempenda Jamie kwa miaka mingi, mapenzi ambayo Jamie hawezi kuyarudisha. Tena ndiye anayemlea William, mtoto wa Jamie wa nje ya ndoa, akiwa baba yake wa kambo. Yaani mwanamume mmoja amebeba mtoto na mke wa rafiki yake, yote kwa ajili ya rafiki huyo.

Halafu Jamie anaingia mlangoni, mzima. John anamwambia wazi kwamba katika majonzi yao yeye na Claire walilala pamoja. Jamie anampiga vibaya. Siku hiyo hiyo William anamwona Jamie na kutambua baba yake halisi ni nani.

Kwa hiyo nani mwenye kosa?

Angalia mpangilio. Frank aliachwa akiwa na mke aliye hai. Jamie akaoa akiamini Claire amepotea moja kwa moja, Claire akamkasirikia. Kisha Claire mwenyewe akaolewa akiamini Jamie amekufa, na Jamie akakasirika vile vile. Hoja ya Ned Gowan iliyofuta ndoa ya Laoghaire ndiyo inayofuta ya John pia.

Kila mmoja anapata zamu ya kuacha na zamu ya kuachwa. Hasira ya yule aliyerudi huwa kubwa kila mara, mpaka akumbuke alichofanya mwenyewe. Mawe yanaweza kumvusha mtu miaka 200, lakini waliobaki nyuma hawakuvushwa. Waliendelea kula, kulea watoto na kulala peke yao, na siku moja wakafungua mlango mwingine.

Wewe ungekuwa Frank mwaka 1948, mke amerudi na mimba ya mtu aliyekufa karne mbili zilizopita, ungempokea?