Kamari ya sinema, kamari ya sokoni: Mbona shujaa hushinda nasi tukashindwa?

FILAMU iitwayo Meet Me in Las Vegas ilitolewa nchini Marekani mwaka wa 1956, lakini swali ambalo imewaachia watazamaji wake lingali bichi. Je, sinema inayowaonyesha watu wakicheza kamari huku wakiimba na kucheka ni burudani isiyo na hatia, au ni mafunzo ya upotovu?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa mkazi wa kaunti za Migori na Homa Bay. Huku kwetu hakuna majumba ya kifahari ya kamari kama yale ya Las Vegas. Hata hivyo, katika muongo uliopita mashine za kamari zilipenya hadi katika vituo vidogo vya biashara, zikawekwa kando ya duka la sukari na unga, na sarafu ya Sh10 au Sh20 ikatosha kumfungulia mtu mlango ambao zamani aliuona kwenye sinema tu.

Kisa cha filamu yenyewe ni chepesi. Mfugaji mmoja aitwaye Chuck Rodwell, anayeigizwa na Dan Dailey, ana mazoea ya kwenda Las Vegas kucheza kamari, na mazoea ya kushindwa. Anaamini kwamba kumshika mwanamke mkono kutamletea bahati. Siku moja anaushika mkono wa Maria Corvier, mnenguaji wa densi ya baleti anayeigizwa na Cyd Charisse, na papo hapo gurudumu la kamari linaanza kumtii. Kila wakishikana mikono, wanashinda. Mapenzi yanafuata, pamoja na nyimbo, mizaha na densi ndefu.

Watazamaji wa filamu za aina hii hugawanyika katika makundi matatu, na kila kundi lina hoja yake.

Wa kwanza ni wale wanaoitazama kwa ajili ya sanaa. Hao husema kwamba kamari ni kisingizio tu, na kwamba utamu uko katika miguu ya Charisse, mmoja wa wanenguaji mashuhuri kabisa wa enzi hiyo, na katika muziki, ambao uliifanya filamu hiyo iteuliwe kuwania tuzo ya Oscar. Kwao, kumlaumu mtunzi kwa kuonyesha kamari ni sawa na kumlaumu msimulizi wa hadithi za sungura kwa kufundisha ulaghai.

Kundi la pili huona kwamba kisa ni chembamba mno, na kwamba filamu ni tangazo refu la biashara. Hoja hiyo haikosi mashiko. Sehemu ya filamu ilipigwa katika hoteli halisi ya Sands, iliyofunguliwa mwaka wa 1952 na kubomolewa mwaka wa 1996, na mtazamaji huzungushwa humo kama mgeni anayekaribishwa. Isitoshe, kuna mambo ambayo mgeni huyo haonyeshwi. Mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi, Lena Horne, anaonekana akiimba mbele ya watu wenye furaha, ilhali katika miaka hiyo hoteli kubwa za mji huo ziliwafungia milango wateja weusi. Ubaguzi huo ulianza kukomeshwa kwa makubaliano ya mwaka wa 1960.

Kundi la tatu ndilo linalotuhusu zaidi. Hawa hulalamika kwamba filamu inaifanya kamari ionekane kama mchezo ambao hauna anayeumia. Anayeshindwa hucheka, akaenda zake, na kesho akarudi na fedha nyingine. Hatumwoni mkewe akiuliza karo iko wapi.

Ni kundi gani lililo na haki? Ili kujibu, yafaa tuiache sinema kwa muda na kulitazama gurudumu lenyewe, kwa sababu hesabu yake haitegemei maoni ya mtu.

Gurudumu hilo huitwa ruleti. Lile la Kimarekani lina vishimo 38: nambari 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Kijipira hurushwa, kikazunguka, kisha kikatulia katika kishimo kimoja. Ukiweka Sh100 juu ya nambari moja na ikatokea, hulipwa Sh3,500 na kurudishiwa Sh100 zako, jumla Sh3,600.

Sasa tuseme umecheza mara 38, na bahati ikawa ya haki kabisa, nambari yako ikatokea mara moja. Umetoa Sh3,800, umepokea Sh3,600. Sh200 zimebaki mezani. Hakuna aliyekuibia, wala gurudumu halikuchezewa. Sifuri mbili zile ziliongezwa ili malipo yawe pungufu kidogo kuliko hatari unayojitia. Upungufu huo ni takribani asilimia 5.26 ya kila shilingi inayowekwa. Hivi ndivyo hoteli kama Sands zilivyoweza kuwalipa waimbaji na wanenguaji.

Mashine ya kamari ni kali zaidi. Picha zinazozunguka kwenye kioo humfanya mchezaji adhani kwamba kuna magurudumu ndani yanayoweza kusimama popote. Katika mashine za kisasa, kifaa cha kielektroniki huchagua matokeo pale unapobonyeza kitufe, na picha huja baadaye kukutangazia tu yaliyokwisha kuamuliwa. Mwenye mashine ndiye huamua, kwa kuipanga, ni sehemu gani ya fedha itakayorudi kwa wachezaji.

Katika jimbo la Nevada, ambako ndiko uliko mji wa Las Vegas, kanuni zinataka mashine irudishe angalau asilimia 75 kwa wastani wa muda mrefu, na kuna wakaguzi wa kuhakikisha. Tuseme mvuvi wa Mbita anaingia na Sh1,000, akacheza zote kwenye mashine ya kiwango hicho, kisha akacheza tena kila alichorudishiwa. Kwa wastani, baada ya mzunguko wa kwanza atabaki na Sh750, kisha Sh562, kisha Sh421, kisha Sh316, na mzunguko wa tano utamwacha na Sh237. Katikati ya safari hiyo atakuwa ameshinda mara nyingi, sarafu zikishuka kwa kelele, na atatoka akisimulia alivyoshinda. Na hapa tumechukua mashine iliyokaguliwa. Ile iliyofichwa nyuma ya kibanda bila leseni, hakuna anayejua imepangwa kurudisha kiasi gani, isipokuwa mwenyewe.

Wako wanaoamini kwamba mashine iliyokula sana imekaribia kutapika, kwa hiyo ni kosa kuondoka. Imani hiyo ni ya kale, na iliwahi kuwafilisi matajiri. Mnamo Agosti 18, 1913, katika jumba la kamari la Monte Carlo, kijipira kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji waliendelea kumwaga fedha kwenye rangi nyekundu, wakiamini kwamba zamu yake haina budi kuwadia, wakapoteza mamilioni. Kijipira hakina kumbukumbu ya kilikoangukia awali. Mashine nayo haina deni kwa mtu.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu huendelea? Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepewa punje bila utaratibu unaotabirika hudonoa kitufe kwa bidii zaidi, na huchelewa zaidi kukata tamaa, kuliko yule anayepewa kwa mpango maalumu. Mashine hutumia siri iyo hiyo. Tena huongeza hila nyingine: picha mbili zinazofanana hutokea, ya tatu ikakosekana kwa tundu la sindano, na mchezaji akahisi kwamba alikaribia kushinda. Ukweli ni kwamba alishindwa sawa na yule ambaye hakupata hata picha moja.

Katika Migori na Homa Bay, mitego hiyo huwakuta watu ambao riziki yao yenyewe ina sura ya bahati. Mvuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa zake, asijue atarudi na nini, na anapouza alfajiri hulipwa fedha taslimu. Mchimbaji wa dhahabu katika maeneo ya Macalder, huko Nyatike, aweza kuponda mawe siku nyingi bila kitu, kisha siku moja akapata cha kumtosha mwezi mzima. Mtu aliyezoea maisha ya namna hiyo huiona mashine kuwa ziwa jingine au shimo jingine. Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Ziwa halikupangwa na mtu ili likuachie pungufu ya ulichotoa, na mvuvi aliyejifunza majira na upepo hupata zaidi ya asiyejua. Kwenye mashine, ujuzi wa miaka kumi haukuongezei hata senti moja.

Wazee wa Kiluo wana mchezo wao wa ajua, jamaa ya bao la pwani. Katika ajua, mwenye kuhesabu vizuri humshinda asiyehesabu. Kwenye mashine, aliyehesabu ni mwenye mashine, naye alimaliza kuhesabu kabla hujaingia.

Serikali haikukaa kimya. Mnamo 2018, chini ya aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, ilifanyika misako ya kitaifa ambapo mashine nyingi zilinaswa na kuteketezwa. Katiba ya 2010 nayo ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kusimamia majumba ya kamari katika maeneo yao. Mnamo Agosti 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka wa 1966 na kuunda mamlaka mpya ya usimamizi. Mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, na mashine isiyo na leseni ni haramu popote ilipo.

Hata hivyo, sheria ina mipaka yake. Mashine iliyoondolewa sokoni hurejea kwa sura nyingine, na leo kamari imo ndani ya simu, mfukoni mwa kijana aliyelala kitandani, ambako hakuna chifu wala askari wa kubisha hodi. Kinga iliyobaki ni ufahamu wa hesabu tuliyoieleza, nao unaweza kufundishwa darasani Awendo au Oyugis kwa chaki na ubao tu.

Turejee basi kwa watazamaji wetu. Kundi la kwanza lina haki ya kufurahia densi, na la pili halikukosea kunusa biashara. Kundi la tatu nalo lina haki kulalamika, ingawa filamu yenyewe, bila kukusudia, imewatetea. Mtunzi alipotaka shujaa wake ashinde, hakupata njia yoyote ya kawaida ya kumshindisha, wala mbinu, wala ustadi, wala subira. Ilimbidi abuni muujiza wa mkono wa mwanamke. Kabla ya muujiza huo, Chuck Rodwell alikuwa akienda Las Vegas na kurudi mikono mitupu, na sehemu hiyo ya hadithi ndiyo ya kweli.

Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayeingiza sarafu ya Sh20 leo haoni buyu likipungua. Ataliona siku ya karo.