Miaka 39 ya Bernadette kitandani kwa beki wa Ufaransa

NIMES, UFARANSA

MASHABIKI wa soka wakisikia staa wao kalazwa, swali la kwanza ni moja: atarudi lini? Wiki sita? Miezi mitatu? Msimu ndiyo umeisha? Wachache sana wanauliza habari za yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, anayehesabu usiku mmoja mmoja na hana daktari wa kumtazama yeye.

Kama kuna mtu aliyekalia kiti hicho kuliko wote katika historia ya soka, basi ni Bernadette Adams, mke wa beki wa zamani wa Ufaransa, Jean-Pierre Adams. Alimuuguza mumewe kwa zaidi ya miaka 39.

Mwamba kutoka Dakar

Jean-Pierre alizaliwa Dakar, Senegal, Machi 10, 1948, akapelekwa Ufaransa akiwa mtoto na kulelewa na familia ya huko. Alikuwa pande la mtu: nguvu, kasi, na roho ya kutoogopa straika yeyote. Alikiwasha Nimes, akaenda Nice, kisha Paris Saint-Germain.

Timu ya taifa ya Ufaransa aliichezea mechi 22 kati ya 1972 na 1976. Pale nyuma alisimama na Marius Tresor, na ukuta wao ukabandikwa jina la Garde Noire, yaani Walinzi Weusi. Alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza waliozaliwa Afrika Magharibi kuvaa jezi ya Ufaransa, miaka mingi kabla ya kina Patrick Vieira, naye mzaliwa wa Dakar.

Bernadette alimpata kabla ya umaarufu wote huo. Walikutana ujanani, wakaoana 1969. Kwao mwanamke hawakuifurahia mwanzoni habari ya binti yao, Mzungu, kuolewa na Mwafrika, lakini wawili hao walishaamua. Wakapata watoto wawili wa kiume, Laurent na Frederic.

Goti tu

Mwanzoni mwa 1982, Jean-Pierre akiwa na miaka 34 na ameanza kusomea ukocha, aliumia goti. Akapangiwa upasuaji Machi 17 katika Hospitali ya Edouard Herriot, Lyon. Goti tu, kitu ambacho wachezaji hufanyiwa kila msimu na kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Siku hiyo wafanyakazi wengi wa hospitali walikuwa kwenye mgomo. Upasuaji wake haukuwa wa dharura, ungeweza kusubiri, lakini uliendelea. Daktari wa usingizi alikuwa anahudumia wagonjwa wanane kwa wakati mmoja, na Jean-Pierre alikuwa chini ya uangalizi wa mwanafunzi aliyekuwa bado kwenye mafunzo. Mpira wa kupumulia haukuwekwa sawasawa. Hewa haikufika inavyotakiwa, moyo ukasimama, ubongo ukaharibika.

Bernadette alikuwa nyumbani anasubiri taarifa kwamba mambo yamekwenda vizuri. Badala yake akaambiwa aje haraka. Alipofika alimkuta mumewe amejaa mipira mwilini, hana habari na dunia. Jean-Pierre aliingia kwenye nusu kaputi asubuhi hiyo na hakuamka tena.

Siku za kwanza alikesha pale pale. Zikaja wiki, ikaja miezi. Yeyote aliyewahi kuuguza anaijua hali hiyo: simu ikilia moyo unapasuka, daktari akipita unamsoma uso kabla hajafungua mdomo, mgonjwa akitikisa kope unaona muujiza. Ukirudi nyumbani kuna watoto wanauliza baba anakuja lini, na wewe huna jibu, lakini chakula lazima kipikwe.

"Mwanamichezo mzuri aliyelala"

Baada ya zaidi ya mwaka mmoja, hospitali haikuwa tayari kuendelea naye. Pendekezo likawa apelekwe kwenye nyumba ya kulelea wazee. Bernadette akakataa, akamchukua mumewe nyumbani.

Nyumba waliyohamia karibu na Nimes aliipa jina la Kifaransa lenye maana ya makazi ya mwanamichezo mzuri aliyelala. Humo ndani ratiba ilikuwa ngumu kuliko kambi ya timu yoyote. Kumwosha, kumnyoa, kumvalisha, kumlisha chakula kilichosagwa, kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo. Usiku kuamka tena. Na mazungumzo: alizungumza naye kila siku kama mtu anayesikia. Siku ya kuzaliwa alimnunulia zawadi.

Jean-Pierre alikuwa anapumua mwenyewe bila mashine. Alifumbua macho na kuyafumba. Bernadette aliamini anasikia sauti yake, na hata akihudumiwa na mtu mwingine anatambua. Hapo ndipo penye mtihani wa muuguzaji. Ukiamini kwamba anajua ukiwa haupo, utatoka vipi? Utaenda wapi ukapumzike, na moyo umeuacha kitandani?

Alipoulizwa na waandishi kuhusu kumwachia mumewe afe, jibu lake lilikuwa hapana. Hakuona kwa nini amnyime chakula mtu ambaye bado anapumua.

Watu wa soka walijitokeza. Shirikisho la Ufaransa na klabu zake za zamani walichangia, na ikachezwa mechi ya hisani. Mahakamani kesi ilivutwa mpaka miaka ya 1990. Daktari wa usingizi na mwanafunzi yule wakapewa kifungo cha nje cha mwezi mmoja, na faini inayolingana na euro 750. Bernadette alisema hospitali haikuwahi kumwomba radhi.

Jean-Pierre alifariki Septemba 6, 2021, akiwa na miaka 73. Wajukuu zake walizaliwa, wakakua, na babu yao hakuwahi kuwatambua.

Shauna na Sabrina

Machi 17, 2012, miaka 30 kamili tangu siku ile ya Lyon, kiungo wa Bolton, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani White Hart Lane. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Mchumba wake, Shauna, alikimbilia hospitali na kuwaomba watu mtandaoni wamwombee. Kocha Owen Coyle alikuwa pale na familia. Muamba alipona, wakaoana Oktoba mwaka huo huo, lakini mpira ndiyo ulikuwa umeisha.

Juni 12, 2021, dunia nzima ilimwona Sabrina, mwenza wa Christian Eriksen, akishuka uwanjani Copenhagen huku analia, na Simon Kjaer na Kasper Schmeichel wakimshika. Watu walimsifu Kjaer kwa kuweka mlinzi wa miili kumsitiri Eriksen, na alistahili. Lakini kumwendea Sabrina nako kulikuwa unahodha. Alijua kwamba pale palikuwa na wagonjwa wawili.

Ndiyo maana hadithi ya Bernadette isiishie kwenye kusema "mwanamke jasiri" halafu tukafungua ukurasa wa msimamo wa ligi. Wiki ya kwanza mgonjwa akilazwa, simu hazikatiki na wageni wanajaa wodini. Wiki ya tano anabaki mke peke yake, au mume, na kapu la chakula. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya kuuguza inaanza pale watu walipokwisha kuzoea.

Jukwaani kwako bila shaka yupo jamaa ambaye siku hizi haonekani kwenye mechi. Mwambie leo utakaa wewe hospitali mpaka jioni, yeye akaoge na kulala.