Je, Wajua? Kompyuta nayo ina kizuizi

Je, wajua kwamba amri za programu si lazima zitekelezwe kwa mpangilio zilivyoandikwa? Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa lugha ya mashine, huzipangua ili kazi iende haraka. Prosesa nayo huzipangua tena.

Fikiria malori yatokayo Himo: hupitana barabarani yatakavyo, lakini kwenye mpaka wa Holili na Taveta halivuki hata moja ambalo karatasi zake hazijakamilika. Kizuizi cha kumbukumbu hufanya kazi hiyohiyo: data iliyoandikwa kabla yake sharti ionekane kabla ya ile inayofuata.

Operesheni ya atomiki ni jambo jingine. Tuseme kihesabio kina 7. Nyuzi mbili za programu, yaani sehemu zake mbili zinazotekelezwa sambamba, zinasoma 7 kwa pamoja, kila moja inaongeza 1, zote zinaandika 8. Jibu sahihi ni 9! Atomiki huunganisha kusoma, kuongeza na kuandika, pasiwe na mwanya wa kuingilia kati.

Lugha ya programu ya Java ilirekebisha kanuni zake kuhusu mambo haya mwaka 2004. C na C++ zikasubiri hadi 2011. Kabla ya hapo kila kompaila ilikuwa na njia yake.

Kosa la kusahau kizuizi ni la hila. Prosesa za Intel hupangua kidogo, za ARM zilizo kwenye simu nyingi hupangua zaidi. Kwa hiyo programu inaweza kutulia miaka kwenye kompyuta ya ofisini, kisha ikaharibika simuni. “Kwangu inafanya kazi” si ushahidi.