Mviringo wa Maryhill

Leo twende Marekani, katika jimbo la Washington. Huko Maryhill, juu ya mto Columbia, twaona nguzo kubwa zimesimama kwa mviringo. Ni mfano wa Stonehenge, mawe ya kale ya Uingereza. Ila hizi ni za saruji.

Aliyezijenga ni Samuel Hill, mjenzi wa barabara, mfuasi wa dhehebu la Quaker linalochukia vita. Alipozuru Stonehenge aliambiwa kwamba watu wa kale walichinja wenzao pale kuwa sadaka kwa miungu. Wataalamu wa leo hawakubali neno hilo. Lakini Hill aliona kwamba vita navyo vyachinja watu vivyo hivyo. Jiwe la altare likazinduliwa tarehe 4 Julai 1918, vita vikiwa bado vyaendelea. Kazi ikaisha mwaka 1929. Hapo yameandikwa majina ya vijana wa wilaya ile waliokufa vitani.

Vita hivyo ndivyo vilivyowapeleka askari wa Kongo hata Tabora, mwaka 1916. Wapagazi wengi walikufa njiani, wala majina ya wengi wao hayakuandikwa juu ya jiwe. Mungu anayajua yote. Enyi wazazi, kama jamaa yenu yakumbuka hata jina moja, waambieni watoto, mkamwombee mwenye jina hilo katika sala ya jioni.