Krediti Zinazopotea Njiani

Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya chombo cha angani cha Marekani mwaka 1999, alitoka katika familia isiyo na uwezo na hakuanzia chuo kikuu. Alisoma miaka miwili katika chuo cha jamii cha Corning, jimbo la New York, ndipo akahamia Chuo Kikuu cha Syracuse kusomea hisabati na uchumi. J. Craig Venter, mmoja wa vinara wa kazi ya kusoma jenomu ya binadamu, naye alipitia College of San Mateo kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mifano ya namna hii hupendwa kwenye mahafali. Inathibitisha kwamba njia ipo, lakini haituambii wangapi wamekwama humo.

Chuo cha jamii ni taasisi ya Kimarekani hasa. Kile cha umma kilicho kikongwe kuliko vyote, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi sita. Leo vyuo hivyo ni takriban elfu moja. Karo yake ni nafuu, vinapokea karibu kila aliyemaliza sekondari, na vina vipindi vya jioni kwa wanaofanya kazi mchana. Kwetu Tanzania, mwenye stashahada anayekwenda kusomea shahada mara nyingi huanza tena mwaka wa kwanza. Marekani ahadi ni nyingine: soma miaka miwili hapa kwa bei ndogo, kisha uingie chuo kikuu moja kwa moja mwaka wa tatu.

Ahadi hiyo huwafikia wachache. Takwimu za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba katika kila wanafunzi 100 wanaoanza vyuo vya jamii, takriban 80 hulenga kupata shahada ya kwanza. Wanaohamia chuo kikuu ni kama theluthi moja, na wanaoipata shahada hiyo ndani ya miaka sita ni kama 16 tu.

Wengi husema tatizo ni fedha, na hawajakosea. Ila fedha huvuja mahali ambapo watu hawapatazami: kwenye krediti, yaani vipimo vya masomo ambavyo mwanafunzi hujikusanyia kila anapofaulu kozi. Mwaka 2017, GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani, ilikadiria kuwa wanafunzi waliohama vyuo vya kila aina kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Waliotoka chuo cha umma kwenda kingine cha umma walipoteza pungufu ya hapo, lakini nao waliumia.

Krediti hupotea kwa namna mbili. Ya kwanza iko wazi: chuo kikuu kinazikataa. Ya pili ni ya kimyakimya, na wanafunzi wa sayansi ndio wanaoijua zaidi: krediti zinapokelewa, ila zinaandikwa kama masomo ya hiari yasiyohesabika kwenye fani. Mwanafunzi aliyesoma fizikia inayotumia aljebra, halafu akaomba uhandisi, ataambiwa arudie fizikia inayotumia kalkulasi. Karatasi yake ya matokeo inasema amefaulu fizikia, na amefaulu kweli. Tatizo ni kwamba si fizikia inayotakiwa.

Tena masomo ya sayansi yana mpangilio usiorukika. Kalkulasi ya kwanza hutangulia ya pili, na mihula miwili ya kemia ya msingi hutangulia kemia ogania. Katika vyuo vidogo baadhi ya kozi hizi hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo anayezikosa kwa sababu maabara imegongana na zamu ya kazini husubiri mwaka mzima. Mwenzake wa historia ana nafasi kubwa zaidi ya kubadili ratiba na kusonga mbele.

Hapa ndipo umaskini unapokutana na kalenda. Msaada mkuu wa serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wa kipato cha chini ni Pell Grant, uliopewa jina la Seneta Claiborne Pell. Haurudishwi kama mkopo, na katika mwaka wa masomo 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Lakini una kikomo: sawa na mihula 12 ya kusoma wakati wote, kwa maisha yote. Aliyetumia mihula sita chuo cha jamii, kisha akalazimika kurudia masomo ya mwaka mzima, anaweza kuumaliza msaada huo katika muhula uleule anaokaribia kuhitimu. Wahenga walisema kawia ufike. Huyu akikawia, nauli inamwishia njiani.

Akifika chuo kikuu, mtihani mwingine unamngoja. Tangu John Hills alipochapisha utafiti wake mwaka 1965, wataalamu wanajua kwamba wastani wa alama za wanaohama mara nyingi hushuka muhula wa kwanza, kisha wengi huinuka tena. Tafiti za baadaye zimeona anguko kubwa zaidi kwa wanafunzi wa hisabati na sayansi. Sababu si ngumu kuzielewa: darasa la watu 30 limegeuka ukumbi wa mamia, wenzake wana vikundi vya kujisomea tangu mwaka wa kwanza, na nafasi za utafiti maabara zimeshachukuliwa na wanaofahamika kwa maprofesa. Aliyeomba ufadhili unaodai alama za juu, halafu alama zikashuka kwa muhula mmoja, anaweza kuukosa kabla hajazoea mazingira.

Ipo mipango iliyoelewa kwamba hundi peke yake haitoshi. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani una mpango wa ufadhili uitwao S-STEM, unaogharimiwa kwa ada wanazolipa waajiri wanaoajiri wataalamu wa kigeni kwa viza ya H-1B. Unaweza kumpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hadi dola 15,000 kwa mwaka, na chuo kinachopokea fedha kinatakiwa pia kumpa mlezi miongoni mwa wahadhiri na kuwaunganisha wafadhiliwa wawe kundi moja. Huko New York, Chuo Kikuu cha Jiji kilianzisha ASAP mwaka 2007 kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii: nauli, msaada wa vitabu, na mshauri asiyelemewa na wanafunzi wengi, kwa sharti la kusoma wakati wote. Wanafunzi walipogawanywa kwa bahati nasibu ili kupima matokeo, asilimia 40 ya walioingia ASAP walihitimu chuo cha jamii ndani ya miaka mitatu, dhidi ya 22 ya wenzao. Waliokwenda vyuo vya miaka minne nao waliongezeka, kutoka asilimia 17 hadi 25.

Majimbo nayo yana lao. Florida inatumia namba moja za kozi katika vyuo vyote vya umma, hivyo kemia ya Miami inatambulika Tallahassee. California ilipitisha sheria mwaka 2010 inayompa anayemaliza mpango maalumu wa uhamisho nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, ule wa California State University.

Kwa maoni yangu, kasoro ya misaada mingi iko kwenye wakati. Ufadhili unaotolewa siku ya kupokelewa chuo kikuu unamkuta mwanafunzi ameshachagua fizikia isiyofaa, ameshachelewa kalkulasi, na ameshatumia nusu ya Pell. Dola moja inayolipia mshauri wa masomo muhula wa kwanza inaokoa nyingi zitakazolipia marudio baadaye.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zikiwemo za wakimbizi kutoka Kongo, zimeanza maisha Marekani na vijana wao wanaanzia vyuo hivi. Ushauri wangu kwao ni kutosubiri barua ya kukubaliwa. Wiki ya kwanza kabisa, kijana achague fani na vyuo vikuu viwili anavyovilenga, kisha apate kwa maandishi orodha ya kozi zitakazohesabiwa kwenye fani hiyo. Aulize mihula mingapi ya Pell imebaki kila mwaka unapoanza. Na mshauri akimwambia kozi fulani "itapokelewa", aulize swali la pili: itahesabiwa kwenye fani, au kama somo la hiari?