Kujitambulisha kwa Kitigrinya: Kabla ya kutaja jina, mjue unayesema naye

MTU anayeanza kujifunza lugha ngeni hutangulia kutafuta mambo mawili: salamu na namna ya kutaja jina lake. Katika Kiswahili, mambo hayo hayamsumbui sana mwanagenzi. Akishajua kuuliza, “Jina lako nani?” anaweza kumwuliza mwanamume au mwanamke bila kubadilisha neno hata moja, na sarufi haitamkosoa.

Hali ni tofauti katika Kitigrinya, lugha inayozungumzwa nchini Eritrea, hasa katika nyanda za juu unakopatikana mji mkuu wa Asmara, na katika jimbo la Tigray lililoko kaskazini mwa Ethiopia. Huko, swali hilo hilo lina sura nne. Anayeuliza hana budi kuchagua iliyo sahihi kabla ya kufungua kinywa, na ili achague, sharti kwanza amtambue aliyesimama mbele yake.

Kitigrinya ni lugha ya jamii ya Kisemiti, sawa na Kiarabu, Kiamhari na Kiebrania. Kutokana na udugu wake na Kiarabu, msemaji wa Kiswahili hukutana humo na maneno yasiyo mageni masikioni mwake. Salamu ya kawaida ni “selam”, na neno la “jina” ni “sim” au “shim”, lenye asili moja na “ism” ya Kiarabu ambayo imetupatia neno “isimu”. “Mimi” ni “ane”, na aliyesoma Kiarabu ataikumbuka “ana”.

Maandishi yake hayatumii herufi za Kirumi wala za Kiarabu. Hutumia hati ya kale ya Ge'ez, inayoandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, na ambayo kwa kawaida kila alama yake hubeba konsonanti pamoja na irabu. Neno “selam”, kwa mfano, huandikwa kwa alama tatu: ሰላም, yaani “se”, “la” na “m”. Hata hivyo, anayetaka tu kujitambulisha anaweza kuanza kwa kusikia na kutamka, kisha akajifunza hati hiyo polepole.

Salamu kabla ya jina

Kama ilivyo kwetu, si adabu kulidaka jina la mtu kabla ya kumjulia hali. Baada ya “selam”, mwanamume huulizwa, “Kemey alekha?” yaani, “U hali gani?” Mwanamke huulizwa, “Kemey alekhi?” Wakiwa wengi, huambiwa “Kemey alekhum?” na ikiwa wote ni wanawake, “Kemey alekhen?” Sauti “kh” hutamkwa kama ile ya “kheri”. Jibu jepesi ni “Tsibuk”, maana yake “nzuri”, likifuatwa na “Yekenyeley”, yaani “asante”.

Wakati wa asubuhi mwanamume huulizwa, “Kemey hadirka?” na baadaye mchana, “Kemey wi'ilka?” Ya kwanza humwuliza alivyolala na ya pili alivyoshinda. Aliyezoea kusema “Umeamkaje?” na “Umeshindaje?” hatahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa mwanamke, “-ka” ya mwisho hugeuka kuwa “-ki”.

Kuuliza na kujibu

Sasa tulifikie jina lenyewe. Mwanamume huulizwa, “Simka men iyu?” Mwanamke huulizwa, “Simki men iyu?” Neno “men” maana yake ni “nani”, wala si “nini”. Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwani lugha zote mbili huuliza jina kana kwamba zinamwuliza mtu. Kitenzi “iyu” ndicho “ni”, na hukaa mwishoni mwa sentensi. Kwa hivyo mtu aitwaye Juma atajibu, “Shimey Juma iyu”, ambayo neno kwa neno ni “Jina langu Juma ni”. Wengine hutamka “simey”, na zote mbili hueleweka.

Akitaka kumrudishia mwenziwe swali, atasema “Nissikhakhe?” kwa mwanamume au “Nissikhikhe?” kwa mwanamke. Maana yake ni “Na wewe je?”

Anayejisema mwenyewe ana nafuu. “Ane” na “shimey” hazibadiliki, awe mume au mke. Jinsia hujitokeza pale anapojieleza zaidi. Mwanafunzi wa kiume husema, “Temeharay iye”, na wa kike, “Temeharit iye”. Vivyo hivyo, Mkenya wa kiume ni “Kenyawi” na wa kike ni “Kenyawit”. “Iye” hapa ni “mimi ni”, na kwa mara nyingine imekaa mwisho.

Mtu akiulizwa atokako, ataambiwa “Kabey ikha?” akiwa mwanamume, au “Kabey ikhi?” akiwa mwanamke. Jibu ni “Kab Kenya iye”, yaani “Natoka Kenya”. Akitaka kutaja makao yake ataongeza, “Ab Nairobi iye zinebir”, yaani “Ninaishi Nairobi”.

Heshima kwa wakubwa

Kosa ambalo huenda likamwaibisha mwanagenzi si la matamshi bali ni la kumwambia mzee “simka” kana kwamba ni hirimu yake. Mtu mzima, hata akiwa peke yake, huzungumziwa kwa wingi. Mzee wa kiume huulizwa, “Simkum men iyu?” na wa kike, “Simken men iyu?” Aidha, si kawaida kulitaja jina la mkubwa likiwa tupu. Hutanguliwa na “aboy”, yaani “baba yangu”, au “adey”, yaani “mama yangu”. Desturi hiyo haiko mbali na yetu ya kumwita mtu mzima baba fulani au mama fulani hata kama hatuna udugu naye.

Jina la pili ni la nani?

Baada ya jina la kwanza huja jambo linalowatatiza wageni wengi, wakiwemo maafisa wa serikali na mashirika. Kwa desturi, wasemaji wa Kitigrinya hawana jina la ukoo. Mtu huwa na jina lake, likifuatwa na la babake, kisha la babu yake mzaa baba. Mwanamke anapoolewa halibadilishi jina lake kwa la mumewe. Waswahili wa pwani waliozoea “bin” na “binti” watauelewa utaratibu huu mara moja.

Mashabiki wa riadha nchini Kenya wanamkumbuka Zersenay Tadese, aliyeipatia Eritrea nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba katika mbio za mita 10,000 mjini Athens mwaka 2004. Anayemwita “Bw Tadese” amemwita babake. Nduguye, Kidane Tadese, ambaye pia alikuwa mwanariadha, analo jina hilo kwa sababu baba yao ni mmoja. Vilevile Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyechaguliwa mwaka 2017 kuliongoza Shirika la Afya Duniani (WHO), hujulikana kama Dkt Tedros, na huko ndiko kumwita ipasavyo.

Jambo hili si la adabu pekee. Chukulia baba aitwaye Tesfay Haile Berhe, na mwanawe Yonas Tesfay Haile. Fomu inayodai jina la ukoo itamwandika baba kuwa Berhe na mtoto kuwa Haile. Mama naye ataandikwa kwa jina la babu yake mwenyewe. Watu watatu wa nyumba moja wataonekana katika karatasi kana kwamba hawahusiani. Kwa mkimbizi anayetafuta kuunganishwa na jamaa zake, tofauti hiyo yaweza kumzulia maswali mengi na kumcheleweshea hati zake. Afisa anayejua kuuliza, “Sim abokha?” yaani, “Jina la babako?” atapata jibu lililo sahihi kuliko anayeuliza jina la ukoo.

Tahadhari

Kuna wageni ambao, kwa kuona hati ni moja, hudhani Kitigrinya na Kiamhari ni lugha moja. Sivyo. Katika Kiamhari, “Jina langu Juma” ni “Sime Juma new”. Isitoshe, tofauti hiyo imebeba historia nzito. Eritrea ilipounganishwa na Ethiopia kwa mfumo wa shirikisho mwaka 1952, Kitigrinya na Kiarabu zilikuwa lugha zake rasmi. Zote mbili ziliondolewa baadaye na mahali pake pakachukuliwa na Kiamhari, na shirikisho lenyewe likavunjwa mwaka 1962. Vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1961 vilidumu hadi 1991.

Wala haifai kukisia nchi ya mtu kutokana na lugha yake. Eritrea na Ethiopia zilipigana kati ya mwaka 1998 na 2000. Katika vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022, ambavyo makamanda wa serikali ya Ethiopia na wa Tigray walikutana Nairobi Novemba 2022 kukubaliana jinsi ya kutekeleza mkataba wa amani, majeshi ya Eritrea yaliingia Tigray upande wa serikali ya Ethiopia. Watu wanaosema lugha moja walijikuta pande mbili. Ndiyo maana “Kabey ikha?” ni swali la kuulizwa kwa upole na jibu lake kupokewa lilivyo.

Mazungumzo yakikolea, mgeni huenda akakaribishwa “bun”, yaani kahawa, neno lililo sawa na “buni” yetu. Hunywewa kwa duru tatu, ya kwanza ikiitwa “awel” na ya mwisho “bereka”. Msemaji wa Kiswahili atazitambua “awali” na “baraka”. Asiharakishe kuondoka kabla ya duru hiyo ya mwisho, kwani kwa wenyeji wake, kujuana hakuishii kwenye kutajiana majina.